Kushuka Lushoto na Altezza: kwa nini mafuta ya breki huchemka

Muulize mtu mwenye Altezza au Impreza amefanya nini kwenye gari lake tangu litoke bandarini. Atakutajia rimu, egzosti, springi fupi, redio, na kama hela ilibaki, diski za breki zenye matundu. Sasa muulize mafuta ya breki aliyabadilisha lini. Mara nyingi jibu ni "yapo, hayajapungua." Tatizo ni kwamba kutopungua siyo kipimo. Kikopo kinaweza kuwa kimejaa hadi alama ya juu kabisa, na bado ukakanyaga breki kwenye kona, pedali ikazama hadi sakafuni kama vile hakuna kitu chini yake.

Ili tuelewe hilo linatokeaje, tutatumia barabara moja kama maabara: ile ya Lushoto hadi Mombo, mkoani Tanga. Ukitoka Dar unakula zaidi ya kilomita 300 za Chalinze, Segera na Korogwe, sehemu kubwa ikiwa imenyooka, mkonge kushoto na kulia. Ukifika Mombo unakata kuingia milimani na kila kitu kinabadilika. Usambara ni pande la miamba lililonyanyuliwa juu pamoja na nyufa za ardhi, ndiyo maana kingo zake zimesimama namna ile. Ndani ya kilomita kama 33 unapanda kutoka chini ya mita 500 hadi karibu mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, jabali upande mmoja na korongo upande wa pili. Njiani kuna bodaboda, wanafunzi wanaotembea kwa miguu, na malori ya kabichi na karoti ambayo hayana haraka.

Kwa mtu mwenye gari la spoti, kupanda pale ni raha tupu. Altezza, ambayo Toyota iliiuza Japani kuanzia 1998 hadi 2005 (nje iliitwa Lexus IS), inasukumwa na magurudumu ya nyuma, na ile RS200 ya gia za mkono ina gia sita na nguvu za farasi 210. Gari la namna hiyo lilitengenezwa kwa ajili ya kona. Lakini kupanda hakuichoshi breki. Mtihani ni siku ya kurudi.

Joto la ndoo mbili

Kazi ya breki ni kugeuza mwendo kuwa joto. Hakuna ujanja mwingine. Nishati ya gari haipotei, inahamia kwenye diski na pedi, halafu diski inaikabidhi kwa hewa. Kwa hiyo swali la kujiuliza kabla ya kushuka mlima ni: joto kiasi gani, na litaenda wapi?

Tuchukue Altezza yenye watu wawili na mizigo, jumla kilo 1,500. Ikiwa inakwenda kilomita 100 kwa saa, nishati ya mwendo wake ni kama kilojuli 580. Ukisimama kabisa, zote zinaingia kwenye breki, na breki za mbele zinabeba kama asilimia 70 kwa sababu gari linainama mbele unapofunga. Diski mbili za mbele zenye jumla ya kilo 15 za chuma zitapanda kama nyuzi 60 kwa kusimama mara moja tu. Si mbaya. Sasa ongeza spidi iwe 140. Spidi imepanda kwa asilimia 40, lakini nishati inafuata mraba wa spidi, kwa hiyo joto linakuwa karibu mara mbili. Wazee wa spidi, hiyo hesabu ni yenu.

Na mlima je? Kilo 1,500 zikishuka mita 1,000 hivi zinatoa karibu megajuli 15. Hiyo ni sawa na kusimama kabisa kutoka spidi 100 mara 25, au kuchemsha ndoo mbili kubwa za maji zilizojaa. Tuwe wakweli: breki hazibebi zote. Msuguano wa tairi na barabara pamoja na upepo vinakula sehemu kubwa, kwa makadirio yetu karibu nusu. Kwa hiyo breki na injini vinabaki na megajuli 7 au 8 za kugawana. Dereva mtulivu, gia ya pili au ya tatu, dakika 50 za kushuka: diski zina muda wa kupoa kati ya kona na kona, na hakuna litakalotokea. Kila siku Coaster zimejaa abiria zinashuka pale.

Dereva wa gari la spoti anashuka tofauti, na hapa ndipo hesabu inapokuwa tamu. Anatoka kwenye kona, anakanyaga mafuta hadi 70, anaona kona nyingine, anafunga breki hadi 25. Kila mara anapofanya hivyo anatupa kama kilojuli 250 kwenye breki. Kona 30 za namna hiyo ni megajuli 7.5, na hizi hazikutoka mlimani, zimetoka kwenye tangi la petroli. Yaani dereva ameongeza mlima wa pili juu ya ule wa kwanza, halafu anaishusha yote miwili kwa nusu ya muda. Diski zinafika nyuzi mia tatu, mia nne, na hazipati nafasi ya kupumua.

Breki mbili tofauti zinazokufa

Watu husema "breki zimefeli" kana kwamba ni jambo moja. Kuna njia mbili kuu za breki kufa kwa joto, na mguu wako unaweza kuzitofautisha.

Ya kwanza: pedali ni ngumu kama kawaida, unakanyaga kwa nguvu, lakini gari halitaki kupungua. Hapo zimechoka pedi. Pedi hutengenezwa kwa mchanganyiko wa vitu vingi vilivyogandishwa pamoja kwa gundi maalum. Zikipita joto zilizopangiwa, gundi inaanza kutoa gesi, na uwezo wake wa kung'ang'ania diski unashuka. Unasikia harufu kali kama ya plastiki iliyoungua. Kwenye ubavu wa pedi nyingi kuna herufi mbili zinazohusu jambo hili hili, kwa mfano EE, FF au GG. Ya kwanza inaeleza msuguano pedi ikiwa na joto la kawaida, ya pili ikiwa imepata moto sana. E ni kati ya 0.25 na 0.35, F ni 0.35 hadi 0.45, G ni 0.45 hadi 0.55. Ukiwa Kariakoo unanunua pedi na muuzaji anakuambia "hizi original kabisa," geuza ubavu usome. FE maana yake inashika vizuri ikiwa ya baridi na inalegea ikipata moto. Kwa safari ya milimani hiyo haikufai. Pedi ikiwa haina alama yoyote, sisi tungeiacha dukani.

Ya pili ndiyo ya hatari zaidi: pedali inakuwa laini, kama unakanyaga sponji, halafu inazama. Pedi zako zinaweza kuwa mpya, diski nzima. Kilichokufa ni mafuta.

Mafuta yanayokunywa maji

Jina "mafuta ya breki" linapotosha kidogo. Yale ya DOT 3, DOT 4 na DOT 5.1 hayatokani na oili; ni ya jamii ya glaikoli, na glaikoli inapenda maji. Inayavuta kutoka hewani, kupitia tundu la kupumulia kwenye mfuniko na hata kupitia mipira ya breki, polepole, mwaka baada ya mwaka. Hewa ya pwani ya Dar, Tanga au Mombasa ina unyevu mwingi, kwa hiyo kazi hiyo inakwenda haraka zaidi kuliko sehemu kavu.

Kuvuta maji siyo kasoro ya kiwandani. Maji yasipochanganyika yangejikusanya sehemu ya chini kabisa, ambayo ni kwenye kalipa, na kuleta kutu hapo hapo penye joto kubwa. Gharama yake ni kwamba kiwango cha kuchemka kinashuka. DOT 3 mpya inatakiwa ichemke kwa nyuzi zisizopungua 205. Ikishakunywa maji asilimia 3.7, kiwango cha chini kinachokubalika ni nyuzi 140. DOT 4 inaanzia 230 na kushuka hadi 155. DOT 5.1 ni 260 na 180. Na hivyo ndivyo viwango vya maabara. Gari ambalo limeendeshwa Japani miaka kadhaa, likavuka bahari, likapaki bandarini, likazunguka Dar miaka minne bila kuguswa, linaweza kuwa limepita hata hiyo asilimia 3.7.

Kwa nini kuchemka kunaua breki? Breki ya gari inategemea kanuni ya Pascal: ukisukuma kimiminika kilichofungiwa, mgandamizo unafika kila upande kwa usawa. Mguu wako unasukuma pistoni ya masta silinda, mgandamizo unapita kwenye bomba, na pistoni ya kalipa inabana pedi. Inafanya kazi kwa sababu kimiminika hakibonyei. Mvuke unabonyea. Tone la maji likigeuka mvuke linaweza kuchukua nafasi zaidi ya mara elfu moja ya ile ya mwanzo. Sasa ukikanyaga, nguvu yote inaishia kubana mapovu, na kalipa haisikii kitu.

Kuna jambo ambalo wengi hawalijui hapa. Mafuta hayachemki ukiwa umekanyaga breki. Ukiwa umekanyaga, ndani ya bomba kuna mgandamizo mkubwa, na kimiminika chenye mgandamizo mkubwa huchemka kwa joto la juu zaidi, kama maji ndani ya presha kuka. Yanachemka pale unapoinua mguu. Mgandamizo unashuka ghafla, mapovu yanatokea kimya kimya, na wewe hujui lolote mpaka ukanyage tena.

Na kuna baya zaidi ya hilo: kusimama. Fikiria umeshuka kwa fujo kutoka Lushoto, umefika Soni, unaona maporomoko ya maji, unapaki upige picha. Gari likiwa kwenye mwendo, hewa ilikuwa inapoza diski. Limesimama, hewa hakuna, na diski ya nyuzi 350 inaanza kusambaza joto lake kwenye pedi, kutoka kwenye pedi hadi kwenye pistoni, kutoka kwenye pistoni hadi kwenye mafuta. Kalipa inaweza kuwa ya moto zaidi dakika tano baada ya kusimama kuliko ulipokuwa unaendesha. Unapiga picha, unanunua mapeasi, unarudi kwenye gari, unaondoka. Kona ya kwanza, pedali inazama.

Hapo pia ndipo pedi iliyokwisha inapofanya madhara mengine. Pedi nene ni ukuta kati ya diski na mafuta. Ikibaki milimita mbili, ukuta umekuwa karatasi. Watu wanasubiri pedi zilie ndipo wabadilishe. Kwa mizunguko ya Sinza hadi Posta unaweza kuvumilia, kwa Usambara hapana. Zikiwa chini ya milimita 4 kabla ya safari ya mlima, badilisha tu.

Kinachofanya tatizo hili lisieleweke ni kwamba linajifuta lenyewe. Gari likipoa, mvuke unarudi kuwa kimiminika, pedali inarudi juu, ngumu kama jana. Unafika gereji, fundi anakanyaga mara tatu, anakuambia, "Bosi, breki zako ziko safi." Na hasemi uongo.

Kazi ya saa moja gereji

Habari njema ni kwamba dawa yake ni rahisi kuliko rimu mpya. Nunua DOT 4 au DOT 5.1 kwenye chupa iliyofungwa na lakiri, lita moja inatosha. Chupa iliyofunguliwa miezi sita na kubaki kwenye shelfu la fundi usiikubali hata kama ni ya bure, imeshakunywa maji. DOT 3, 4 na 5.1 zinaweza kuchanganyika. DOT 5 ya silikoni ni kitu kingine kabisa, jina tu linafanana, usiichanganye nazo. Na usikubali oili ya injini wala ya stelingi iingie kwenye kikopo hicho. Inavimbisha mipira yote ya breki, na gharama yake utaisikia.

Kubadilisha siyo kuongezea. Mafuta ya zamani yatolewe kikoponi, yajazwe mapya, halafu yasukumwe gurudumu kwa gurudumu mpaka yanayotoka kwenye nipeli yawe safi, bila mapovu. Ndiyo ile kazi mafundi wanaita kutoa upepo. Mmoja anakanyaga na kushikilia, mwingine anafungua nipeli, anafunga, ndipo wa kwanza anaachia. Aliyeko ndani akiachia kabla nipeli haijafungwa, hewa inaingia na mnaanza upya. Simamia mwenyewe: wengi wanafanya magurudumu mawili halafu wanakuambia tayari. Baada ya hapo, kila miaka miwili.

Rangi isikudanganye. Mafuta meusi yanaonyesha uchafu, lakini mafuta ya rangi ya asali yanaweza kuwa na maji tele. Kuna kalamu ndogo za kupimia zinazokisia maji kwa kupitisha umeme. Siyo sahihi sana, ila zinatosha kukuonyesha kama hali ni mbaya.

Mkiwa hapo hapo, kalipa zitolewe pini zake, zisafishwe na kupakwa grisi ya breki. Pini zikiganda, pedi ya upande mmoja inasugua muda wote, hata kwenye barabara iliyonyooka ya Segera. Na zile diski zenye matundu? Kwa gari la barabarani ni urembo zaidi. Kila tundu ni chuma kilichoondolewa, na chuma ndicho kinachohifadhi joto. Zenye uwazi katikati ndizo zinazosaidia kweli, kwa sababu zikizunguka zinavuta hewa kutoka kitovuni na kuitupa nje kama feni. Altezza ilitoka nazo kiwandani mbele.

Siku ya kushuka

Kanuni ya madereva wa malori ni ya kweli kwa Altezza pia: shuka kwa gia ambayo ungepandia. Injini ikiburutwa na magurudumu inafanya kazi ya kusukuma hewa na kushinda msuguano wake yenyewe, na joto hilo linatoka kwenye rejeta na egzosti, mbali na breki. Wenye otomatiki wana 2 na L, ziko pale kwa kazi hiyo. Kuweka nyutro ili kuokoa mafuta ni imani ya enzi za kabureta. Gari la sindano za mafuta likiwa kwenye gia na mguu ukiwa nje ya pedali ya mafuta, kompyuta inakata petroli kabisa. Likiwa nyutro inabidi liendelee kunywa ili injini isizime. Kuzima injini ndiyo kabisa usithubutu. Busta ya breki inategemea mvuto wa injini, na baada ya kukanyaga mara mbili tatu inaisha, pedali inakuwa jiwe.

Utamu wa kona nao una sayansi yake, na bahati nzuri unakubaliana na breki. Tairi ina bajeti moja ya kushika barabara, inayogawanywa kati ya kufunga breki na kukata kona. Ukizitaka zote mbili kwa pamoja, bajeti inaisha, na gari la kusukumwa nyuma litakukumbusha kwa kugeuza mkia. Kwa hiyo funga ukiwa bado umenyooka, kwa uthabiti na kwa muda mfupi, halafu achia, kata kona, kisha ongeza mafuta taratibu ukitoka. Kukanyaga kidogo kidogo bila kuachia ndiko kunakopika breki, kwa sababu diski haipati hata sekunde ya kupoa. Na kama kona haionyeshi kilicho nyuma yake, chukulia kuna lori la kabichi limeharibika pale.

Pedali ikizama, pampu haraka haraka mara kadhaa. Mara nyingi mapovu yatabanwa vya kutosha upate breki kidogo. Wakati huo huo shusha gia moja moja. Breki ya mkono inavutwa na kebo, haitumii mafuta, kwa hiyo bado ipo: ivute polepole kitufe kikiwa kimebonyezwa, ili uweze kuiachia gari likianza kuserereka. Honi, taa za hatari, na ikibidi kugusa kitu, gusa upande wa jabali.

Kilomita mbili tatu za mwisho kabla ya kusimama popote, iwe Soni au Mombo, ziendeshe pole bila kukanyaga breki sana, hewa ipite. Ukipaki na harufu bado ipo, weka gia na jiwe nyuma ya tairi badala ya kuvuta breki ya mkono, na mtu asikumwagie maji kwenye rimu hata akisema anakusaidia. Chuma cha moto kikipigwa maji ghafla kinaweza kupinda au kupasuka. Zunguka gari na usogeze kiganja karibu na kila rimu bila kugusa. Za mbele zitakuwa na moto kuliko za nyuma, hiyo ni kawaida. Kushoto na kulia zinatakiwa zifanane. Upande mmoja ukiwa unaunguza na mwenzake ni wa uvuguvugu, kuna kalipa imeganda, na Korogwe kuna mafundi wa kuifungua kabla hujaikamata ile barabara ndefu ya Segera.